Rufaa Si Sinema

Waandishi chipukizi wenzangu, tunawachosha wasomaji. Chukua hadithi yoyote ya kesi inayozunguka vijiweni kwetu. Shujaa kasingiziwa, kafungwa. Kesi inapanda mahakama ya juu. Mlango unasukumwa kwa kishindo, anaingia shahidi mpya, binti mmoja analia, wakili anapiga meza, majaji wanatazamana, na shujaa yuko huru. Makofi! Na mambo hayo eti yanatokea Chicago au Los Angeles, kwa sababu tumeyaokota kwenye filamu za huko bila hata kuuliza yana ukweli gani.

Nasema huo ni uongo, tena uongo wenye madhara.

Tuanze na hukohuko Marekani tunakokopi. Mtu akitiwa hatiani na mahakama ya jimbo, rufaa yake haiendi kusikilizwa na wale watu 12 wa baraza walioamua kesi. Inaenda kwa majaji, mara nyingi 3, na mbele yao hakuna shahidi wala binti wa kulia. Kuna makaratasi. Majaji wanasoma mwenendo wa kesi, yaani kila neno lililosemwa na kuandikwa kule chini, halafu wanauliza: je, sheria ilikosewa? Na kosa hilo lilikuwa zito kiasi cha kuharibu hukumu? Tena kama wakili wako alikaa kimya kosa lilipotokea, hakuweka pingamizi, unaweza kuambiwa umeshachelewa kulalamika. Na muda haukusubiri: Florida ni siku 30, California kwa makosa makubwa ni siku 60. Zikipita, bwana, unabaki kubembeleza. Isitoshe, zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanaotiwa hatiani kwa makosa makubwa katika mahakama za majimbo hukiri kosa bila kesi kusikilizwa, na aliyekiri mlango wake wa rufaa ni mwembamba mno. Filamu gani imekuonyesha hayo?

Sasa niambie, kama rufaa ni makaratasi, maskini anayapata wapi? Hapo ndipo penye hadithi yenyewe! Huko Illinois, wanaume wawili, Griffin na Crenshaw, walitiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Walitaka kukata rufaa. Wakaambiwa nakala ya mwenendo wa kesi inalipiwa. Hawakuwa na pesa. Ya bure walipewa maskini waliohukumiwa kifo tu. Kesi yao ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1956, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikaamuliwa kwamba jimbo haliwezi kumfungia maskini mlango wa rufaa kwa kukosa pesa ya karatasi. Watano kwa wanne, jamani! Jaji mmoja angegeuka, maskini wangebaki na haki isiyoshikika.

Tarehe 18 Machi 1963 mahakama hiyohiyo ikatoa maamuzi mawili. Moja, la kesi ya Douglas kutoka California, likasema maskini apewe wakili katika rufaa yake ya kwanza. La pili ni la Gideon, aliyefungwa miaka 5 huko Florida mwaka 1961 baada ya kujitetea mwenyewe, maana aliomba wakili akanyimwa. Huyu bwana hakuwa na shahidi wa kuingia kwa kishindo. Alikuwa na penseli. Aliandika ombi lake gerezani kwa mkono, akashinda, kesi ikarudiwa akiwa na wakili, na mwezi Agosti 1963 akaachiwa huru. Mfungwa na penseli! Sisi tunaojiita waandishi tunaruka hadithi kama hiyo tukakimbilia bastola na machozi?

Kuna watakaosema, "Bwana, riwaya ni burudani, mambo ya vifungu waachie mawakili." Sikubaliani. Mtaani kwetu kijana mmoja alifungwa. Ndugu zake walikuwa na sababu za kukata rufaa, lakini walikaa wakitafuta "shahidi mpya" kwanza, kwa sababu ndivyo walivyojua rufaa inavyokwenda. Walikuja kushtuka siku zimepita. Hawakujifunza hayo shuleni. Wamejifunza kibanda cha video, na kwenye hadithi kama zetu.

Kwetu Tanzania, anayetoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu anatakiwa kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na kuwasilisha hati ya rufaa yenye sababu zake ndani ya siku 45, ukiondoa muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Ukichelewa, lazima uombe kuongezewa muda na utoe sababu ya kueleweka. Na cha kushangaza, sisi tunaowaiga Wamarekani tumewazidi kwa jambo moja. Mahakama Kuu yao ilisema tangu mwaka 1894 kwamba katiba yao haimlazimishi jimbo kumpa mtu rufaa. Ni sheria za majimbo zenyewe zinazoitoa. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), imeitaja haki ya kukata rufaa waziwazi. Mwandishi gani kijana ameitumia katika hadithi yake?

Mimi sitaki riwaya ziwe vitabu vya sheria. Nataka mashaka ya kweli. Mama anayehesabu siku 10 kwa vidole. Karani anayesema nakala bado, njoo Jumatatu. Mfungwa anayetunga sababu za rufaa usiku, akijua sentensi moja mbovu inaweza kumgharimu miaka. Hayo hayana kishindo? Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Basi hata kisingizio cha Kiingereza kimekwisha. Mahakama ziko wazi kwa umma, benchi la nyuma halina kiingilio. Nenda ukakae, usikilize, uandike. Ukishindwa hilo, tuachie kalamu.