Mukate wa mayai si haya

Najua swali litakalokuja mbele ya mengine yote: mukate wa mayai, ule ambao Wafaransa na Wabelgiji wanauita « pain perdu », unatafuta nini ndani ya kijitabu cha desturi? Kisha kuandika juu ya ndoa, juu ya matanga, juu ya majina ya mapacha, mwalimu muzima anakuja kutuletea mambo ya kikaango! Wazee wamoja wamekwisha kunijibu hata mbele sijashika kalamu: « Ile ni bintu ya bazungu. » Vijana nao wananijibu kwa upande mwingine: « Ile ni chakula ya bamasikini, mukate ya kulala. » Makundi haya mawili hayapatani kwa jambo lolote hapa mjini, lakini kwa hili wamekuwa ndugu wa tumbo moja: wote wawili wanatupa mukate. Ninaandika kwa kuwapinga wote wawili.

Nianze na wazee, na heshima yao ninawapa. Wanasema chakula chetu ni bukari, mukate ni wa kuletwa. Ni kweli, mukate uliletwa. Lakini bukari nayo ilitoka wapi? Mahindi ni mumea wa Amerika, na muhogo vilevile. Vyote viwili vilivuka bahari ndani ya meli za Wareno kisha mwaka wa 1500, vikaingia polepole mpaka huku kwetu. Mbele ya hapo babu zetu walisonga mutama na ulezi. Na hapa Lubumbashi, ile bukari nyeupe ya mahindi tunayoiita ya asili, imepata nguvu juu ya kazi ya migodi. Union Minière iliyoundwa mwaka wa 1906 ilikuwa na watu wengi wa kulisha, ikawapimia unga wa mahindi kama posho. Treni ya kutoka Rodezia ilifika Élisabethville mwaka wa 1910, na unga ulikuwa kati ya mizigo yake. Basi, kama ni cheti cha kuzaliwa ndicho kinachofanya chakula kuwa desturi, wazee wangu, tuache na bukari leo mangaribi, tulale na njaa.

Desturi ya jikoni haiko ndani ya gunia. Iko katika mukono wa yule anayepika. Muangalie mama yeyote wa Katanga anavyofanya kazi yake. Muhogo muchungu anauloweka siku tatu, siku ine, mpaka sumu inatoka na muhogo unalainika. Samaki mukavu kama jiwe anamuweka ndani ya maji, samaki anarudi kuwa nyama. Maharagi yanalala ndani ya maji usiku kucha. Binkubala bikavu, wale wadudu wetu wa musitu ambao Wazungu walikuwa wanatucheka juu yao, nabyo binaanza na maji. Munkoyo ni uji wa mahindi uliotiwa muzizi wa porini, na muzizi ule unageuza uji muzito kuwa kinywaji chepesi, kitamu. Mahali pote ni lugha moja: kitu kikavu hakitupwi, kinaloweshwa, kinarudi. Sasa mama huyo huyo akitwaa mukate uliokauka, akauchovya ndani ya mayai na maziwa, akaukaanga, mutamuambia ameiga Muzungu? Ameiga mama yake mwenyewe.

Na yule Muzungu tunayemupa sifa, hata yeye si mwenye kitu. Kitabu cha upishi cha Waroma wa zamani, kile kinachobeba jina la Apicius, kinafundisha kutwaa mukate mweupe, kuondoa ganda, kuulowesha ndani ya maziwa, kuukaanga ndani ya mafuta na kumwangia asali juu. Mayai hayakuwa ndani. Wajerumani wanauita kwa jina la « Arme Ritter », ni kusema askari-farasi masikini. Wahispania wanaupika zaidi wakati wa Kwarezima na Juma Takatifu, jina lake kwao ni « torrijas ». Watu wa Québec wanauita « pain doré », mukate wa rangi ya zahabu. Wafalama wa Ubelgiji ndio wananifurahisha zaidi. Wana majina mawili kwa chakula kimoja: « verloren brood », mukate uliopotea, na « gewonnen brood », mukate uliopatikana. Sisi tulipewa jina la kwanza kwa kifaransa, hatukupewa la pili. Tangu siku hiyo tunasema mukate umepotea, na tunaupoteza kweli.

Hapa nawageukia vijana, na baba wa nyumba ambao ni vijana wa jana.

Kwenu ninyi, haya iko katika neno « kulala ». Mukate wa leo ni wa mutu mwenye makuta. Mukate uliolala ni wa mutu aliyeshindwa. Njo maana baba anarudia mangaribi na mukate mupya chini ya kwapa, jirani waone, na asubuhi ile iliyobakia ya jana inakwenda kwa bata, ao kwa imbwa, ao ndani ya shimo la takataka. Lakini mukate huo huo uliolala, mukiupata katika oteli, ndani ya sahani nyeupe, pamoja na jina la kifaransa kwenye karatasi ya bei, munaulipia kwa dola na munasema asante. Jikoni mwa bibi yako ni umasikini, kwa oteli ni ustaarabu! Jambo gani limebadilika, isipokuwa yule anayekutazama ukikula?

Mimi ninafundisha saa ya kwanza ya asubuhi. Mwanafunzi aliyekunywa chai tupu ninamujua mbele hajafungua kinywa: kichwa juu ya mukono, macho kwenye ubao lakini hayasomi. Kufika saa ine amekwisha kwenda. Tunasema mutoto huyu ni muvivu, tunaandika makosa ndani ya buletini, tunaita wazazi. Na nyumbani mwa wengi wao (simusemi yule ambaye hakuna kitu kabisa, huyo ni jambo lingine na ni zito kupita hili) nusu ya mukate wa jana ilikuwa juu ya meza. Ilikuwa ngumu. Hakuna aliyeuma. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, zile zinazojenga mwili. Mukate mweupe peke yake hauna nyingi, na chai yenye sukari haina hata moja. Weka yai juu ya mukate ule mugumu, na mutoto anafika masomoni na kitu tumboni ambacho kinakaa mpaka saa ya mapumziko. Haya yetu ndiyo inayomulaza pale juu ya meza ya darasa.

Watu wanasema mukate uliolala umekwisha kukauka, kwa hiyo umekufa. Hata hilo si kweli. Mwaka wa 1852 mutaalamu wa Ufaransa, Boussingault, alionyesha kwamba mukate unaweza kugumuka hata kama umefungwa vizuri na maji yake hayajatoka. Maji yangali mule. Ni wanga ndani ya mukate ndio unaojipanga upya na kuwa mugumu, na moto unaulegeza tena. Tena kwa kazi yetu hii ugumu ni faida. Mukate mupya ukiuchovya ndani ya mayai unavunjika, unakuwa uji. Ule wa jana unakunywa maziwa na unabaki umesimama. Kwa hiyo yule mama anayenunua mukate mupya kusudi aufanye « pain perdu » ya kupokea wageni, ametupa makuta na ameharibu chakula.

Huyo mama, na mabinti wanaomufuata, ni adui wangu wa tatu, na nilikaribia kumusahau. Wanakifanya chakula hiki kuwa cha sikukuu: mayai sita kwa mukate mumoja, maziwa ya unga nusu kopo, siagi, na vanila juu. Kisha wanalalamika: « Iko bei! » Bila shaka iko bei. Wamekamata chakula kilichozaliwa kwa kuokoa, wamekifanya cha kutapanya. Kwa vipande nane vya mukate yanatosha mayai mawili, maziwa robo ya litre, na chumvi kidogo sana. Maziwa yakikosa, maziwa ya soya yanafaa. Hata maji yanafaa kama ni hivyo tu, lakini hapo usizidishe, juu yai litakuwa jepesi. Mafuta ni ya kupakaa kikaango tu, si ya kuogesha. Sukari usiiweke ndani ya mayai, itaungua na kushika kwa kikaango. Uinyunyize juu kisha kutoa. Moto uwe wa makala yaliyokwisha kushuka, kwa sababu moto mukali unaivisha nje na kuacha ndani yai mbichi. Ni hayo.

Na tusiokoe yote. Mukate ulioota ukungu, hata doa moja la kijani, huo ni wa kutupa, wote, si kukata pale penye doa na kula pengine. Mizizi ya ukungu inaingia ndani mahali jicho halifiki, na sumu za aina fulani hazikufi kwa moto wa kikaango. Ndiyo sababu mukate uliobakia unafungwa ndani ya kitambaa safi, mahali penye hewa, si ndani ya safuria yenye mufuniko ambamo unatoka jasho.

Jambo hili linapita jikoni. Ngano haioti kwetu Katanga kwa kiasi cha kutulisha. Inalimwa kidogo kule juu Lubero, Kivu ya Kaskazini, na iliyobaki inakuja kwa meli. Wakati vita vya Ukraine vilianza mwezi wa pili 2022, bei ya ngano ilipanda dunia nzima, na sisi ambao hatujui Ukraine iko wapi kwenye karta tulijua kwa mukate. Wazee watanijibu: « Unaona? Rudi kwa bukari! » Lakini mwaka wa 2024 ukame ulipiga Zambia, ambako unga wetu mwingi unatoka, na tuliona gunia lilivyofanya. Hakuna mulango mumoja wa kutorokea. Kuna wataalamu wanaofundisha kuchanganya unga wa muhogo ndani ya ngano kwa kufanya mukate, na mimi ninawaunga mukono kwa moyo wote. Lakini mujue kwamba muhogo hauna ile nguvu ya kuvutana iliyo ndani ya ngano, mukate wake unavunjika mapema. Kama tutafika kula mukate wetu wenyewe siku moja, ufundi wa kuurudisha uliolala tutauhitaji zaidi kupita leo.

Kuna waliojifunza mbele yetu, na hawakujifunza kwa kitabu. Wakati Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10.000 kati ya 2003 na 2004, kwa mupango ulioitwa « départs volontaires », katika kambi za wafanyakazi ni wanawake waliobeba nyumba juu ya kichwa. Walipika mandazi, waliuza makala, walilima pembeni ya barabara, walihesabu kila kipande. Leo watoto wao wamesoma, wamoja wanafanya kazi nzuri, na wanaona haya kukumbuka walichokula. Ninawauliza: mulikula mukate wa kulala mpaka mukapata diplome, leo ni mukate gani huo mnaoutupa?

Neno la mwisho ni kwa wanaume wenzangu, maana najua wamoja wamesoma mpaka hapa wakisema: vizuri, nitamuambia mama watoto. Hapana. Kugeuza mukate ndani ya kikaango haihitaji mwanamuke. Kijana wa miaka kumi na mbili anaweza, msichana ao mvulana, na baba vilevile, yule anayekaa na kungojea chai huku akisikiliza habari za redio. Mumoja aliniambia kwamba hii itazidisha makala, na makala ni bei. Mbabula imekwisha kuwashwa kwa maji ya chai. Birika likitoka, makala yangali mekundu, na yanakufa bure. Kikaango kiingie pale. Dakika kumi, na watoto wanatoka saa moja kamili.