Usukani Unaocheza Hautibiwi kwa Nyundo

Mwenye gari akisema usukani wake "unacheza kidogo tu", inafaa aulizwe umeanza lini. Unguja jibu huwa lile lile: zamani. Escudo, Prado, Surf na Land Cruiser zilizokwisha kutumika Japani ndizo zinazokodishwa kwa wageni, ndizo zinazobeba saruji ya wajenzi, ndizo zinazopeleka jamaa shamba siku za mapumziko. Nyingi zina zaidi ya miaka 20. Injini inawaka, rangi imepigwa upya, viti vimevishwa vitambaa. Kilichochoka kiko chini, na hakionekani mpaka mtu atandike gunia alale chali.

Chukwani inaonesha vizuri kwa nini vyuma hivyo havidumu. Njia itokayo upande wa uwanja wa ndege kwenda Baraza la Wawakilishi ni lami. Dereva akiiacha tu kuelekea pwani au kwenye viwanja vinavyojengwa, anakutana na jiwe la matumbawe lenye ncha, na masika yakiingia mashimo hujaa maji asijue kina chake. Kila kishindo cha tairi hupita kwenye tairodi endi, kiungo kisichozidi limau kwa ukubwa: tufe la chuma ndani ya kikombe, grisi kidogo, na kipira cha kufunika. Kipira kikichanika, grisi hutoka, mchanga na maji ya chumvi huingia. Kuanzia hapo tufe linasagika kila kona inapokatwa.

Kukipima kiungo hicho hakuhitaji mashine. Gari ibaki chini kwa tairi zake. Mtu mmoja akae ndani autikise usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, mwengine alale chini aweke kidole kwenye kila kiungo. Fimbo ikitangulia kwenda na kiungo kikachelewa kuifuata, kimekwisha, hakuna mjadala.

Boljointi, viungo vinavyoishikilia tairi kwenye mikono yake, zina kipimo chake. Kwenye gari ambazo springi imekalia mkono wa chini, kama Escudo za mwanzo, jeki huwekwa chini ya mkono huo ili uzito uondoke kwenye kiungo, kisha tairi hunyanyuliwa kwa mtaimbo. Anayeweka jeki kwenye chesisi na kuitikisa tairi ataona kila kitu kimekaza, kumbe springi ndiyo inayokibana kiungo kibovu. Land Cruiser za 70 hazina boljointi mbele; zina beringi za kingpini, na hapo fundi mjanja humwambia mwenzake akanyage breki wakati yeye anaitikisa tairi juu na chini. Mchezo ukipotea, ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni kingpini. Sekunde chache hizo humwokoa mteja asinunue spea isiyohitajika, na huenda ndiyo sababu si kila gereji inazipenda.

Atakayedhani haya ni wasiwasi wa bure asome habari ya Surf. Oktoba 2004, Toyota iliziita zirudi kurekebishwa gari zaidi ya 330,000 za Hilux nchini Japani, zilizotengenezwa kati ya Desemba 1988 na Mei 1996, kwa sababu fimbo ya kati ya usukani ingeweza kuchoka na kukatika. Miezi miwili kabla yake, mkoani Kumamoto, Hilux Surf ilipoteza usukani na kugongana na gari nyengine, watu watano wakajeruhiwa. Mwaka 2005 Marekani nako zikaitwa karibu milioni moja. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuuzungusha usukani mara kwa mara gari ikiwa imesimama, jambo ambalo dereva wa vichochoro vya mtaa wa Ng'ambo, Unguja, hulifanya kila siku. Iliyochoka pale ilikuwa fimbo, si kiungo, lakini zote ni mnyororo mmoja. Na barua ya kuita gari humfuata mmiliki anayejulikana. Gari iliyokwisha kupanda meli na kubadilisha mikono barua hiyo haiifikii.

Wamiliki wengi huanza na alaimenti. Wanatupa pesa, kwa sababu vipimo vilivyopangwa juu ya kiungo kilicholegea havifiki wiki. Kibaya zaidi ni kubana: kikombe hupigwa moto na nyundo mpaka tufe likaze, grisi ikapakwa kwa nje, gari ikarudishwa barabarani ikiwa na chuma kilichopoteza ugumu wake. Usukani huwa mzito siku mbili tatu, mteja akadhani umepona. Lawama si ya fundi peke yake; mteja ndiye mara nyingi anayeomba "nibanie tu nifike mwisho wa mwezi".

Kubadilisha kunataka utulivu kuliko nguvu. Fundi ahesabu nyuzi au apime urefu wa tairodi kabla ya kuifungua, atumie kifaa cha kukivuta kiungo badala ya kugonga, na atie splitipini mpya. Tundu lisipolingana na nati, nati hukazwa mbele kidogo, hailegezwi hata kwa nusu mzunguko. Alaimenti ndiyo huja baada ya hapo. Na boksi lenye jina kubwa dukani si ushahidi wa kilichomo ndani. Kiungo kipya kinachochezacheza mkononi kirudishwe kabla ya risiti kuandikwa.

Japani gari binafsi mpya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kipira cha tairodi kilichochanika kinatosha kuifelisha. Gari hiyo hiyo ikishuka bandari ya Malindi, Unguja, inaanza maisha magumu zaidi, hivyo ingestahili macho makali zaidi. Wawakilishi wanaokutana Chukwani wanaweza kuweka sharti jepesi: kila gari kuukuu ya kukodisha au ya kubeba watoto wa skuli ipimwe kila miezi 6 na watu wawili, mmoja kwenye usukani na mmoja chini, na hali ya kila kiungo iandikwe na kutiwa saini. Mpaka hapo, anayekodi gari ana haki ya kutaka usukani utikiswe mbele yake kabla hajalipa.