Walioacha Pombe Nao Wapewe Vitabu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma humu barua nyingi za wananchi wanaolaani ulevi, wala siwapingi. Ila wote wanamwambia mlevi aache. Hakuna anayemwambia yule aliyekwisha kuacha afanye nini kesho yake saa moja jioni, wakati wenzake wanapopita mbele ya nyumba yake kwenda kilabuni.

Mimi ni seremala, na nilikunywa pombe kwa miaka 31. Nilianza na ulanzi, maana huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mianzi ikishaanza kugemwa wakati wa mvua, hata mtoto hupewa aonje. Kisha nikaingia kwenye komoni, mwisho gongo. Sasa ni mwaka wa saba sijaitia mdomoni. Siandiki ili nisifiwe. Naandika kwa sababu ya mdogo wangu.

Mwaka 2014 mdogo wangu huyo, ambaye alikuwa akinywa gongo kila siku toka asubuhi, aliapa mbele ya mama kwamba haigusi tena. Tulifurahi, tukachinja kuku. Siku ya pili mikono ikawa inatetemeka hata kikombe cha uji hawezi kukishika. Siku ya tatu akapiga kelele kwamba siafu wanapanda ukutani, akawa anazungumza na baba yetu aliyekwisha kufariki. Sisi tukasema amerogwa. Tulimfunga kamba, tukaita mganga. Alifariki alfajiri ya siku ya nne, na mpaka leo wamo katika ukoo wetu wanaoamini kuwa jirani ndiye aliyemwua, na hawasalimiani naye.

Hakurogwa. Nilikuja kusoma baadaye, nikiwa nimechelewa, kwamba mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla mwili wake unaweza kuasi. Kutetemeka huanza mapema, anaweza kushikwa na degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Huyo si mgonjwa wa mganga, ni wa kukimbizwa hospitali. Huko zipo dawa za kumtuliza, na hupewa pia vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini. Maneno haya, Ndugu Mhariri, yanaenea upande mmoja wa karatasi. Mlangoni pa zahanati tuliyoizoea palikuwa na bango la chupa iliyopigwa msalaba mwekundu, basi. Kwamba pombe ni mbaya mdogo wangu alikuwa akijua kuliko aliyelichora.

Mimi nilipata bahati. Dereva mmoja wa lori kutoka Nairobi, aliyekuja kuchukua mbao, aliniona natetemeka nikiwa na msumeno mkononi. Hakunihubiria. Aliniuliza tu nimeanza kunywa saa ngapi, akanieleza habari zake mwenyewe, na safari iliyofuata akaniletea kijitabu cha Kiswahili cha chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina. Chama hicho kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, pale Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alipokutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wote wawili walikuwa walevi wa kupindukia. Waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake, hata kama amekwisha kuwaziba midomo mke, bosi na mchungaji. Mwaka 1939 wakatoa kitabu chenye hatua 12 na visa vya watu walioacha. Hakuna ada wala kadi. Kinachotakiwa ni nia ya kuacha tu.

Nilichokipenda ni kwamba kijitabu kile hakikunitukana. Kiliniambia nisiape kuacha maisha yangu yote, niache leo, na kesho niizungumze kesho. Yule dereva naye alinifundisha kujiuliza, kila kiu inaponipanda, kama nina njaa, nina hasira, niko peke yangu, au nimechoka. Mara nyingi ni njaa! Siku hizi natembea na ndizi mfukoni, na watoto wa jirani wananicheka.

Sasa tuko wanne. Tunakutana Jumamosi jioni nyuma ya karakana yangu, Waislamu wawili na Wakristo wawili, na mmoja wetu hajui kusoma, kwa hiyo tunasoma kwa sauti. Kijitabu kilichakaa, nikakinakili chote kwa mkono katika daftari la shule. Mama watoto naye alilisoma akalia, akaniuliza mbona hakuna chake yeye. Kumbe kipo: mke wa huyo Wilson, Lois, alishiriki kuanzisha mwaka 1951 chama cha jamaa za walevi, kiitwacho Al-Anon, nacho kina vitabu vyake. Nilikwenda kuviuliza katika maktaba moja, ambayo sitaitaja. Kijana wa pale alikuwa na adabu, akanionyesha rafu ya afya. Nilikuta vitabu vya malaria, vya uzazi na vya ukimwi. Kuhusu mtu kuacha pombe hakikuwapo hata kimoja, si cha Kiswahili wala cha Kiingereza.

Wapo watakaosema kwamba Watanzania hawasomi. Mimi nakataa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, nilikuwa mtoto wa shule, na baba yangu alikuwa akiwasomea wenzake kijitabu chini ya mwembe huku redio ikiwa katikati. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walishiriki katika vikundi vile, na wengi hawakuwa na elimu kumzidi rafiki yetu wa Jumamosi. Walisoma, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kama choo kiliweza kupewa kijitabu na kipindi cha redio, mbona mtu anayetetemeka asipewe?

Wakati Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba mwaka 2017 nilishangilia. Lakini aliyekuwa akinywa viroba kumi kwa siku hakufutwa na amri ile. Alihamia kwenye gongo, au alibaki nyumbani anatokwa jasho bila kujua kinachompata.

Kwa hiyo nawaomba wahusika wa afya watoe kijitabu kimoja chepesi, kwa herufi kubwa, kieleze hatari ya kukata ghafla na dalili za kumpeleka mtu hospitali. Wayatie humo yale maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani ya kumpima mtu unywaji wake, ambayo tayari yamekwisha kufanyiwa majaribio kwa Kiswahili huko Moshi. Mtu ajipime mwenyewe, gizani akitaka, kabla hajaaibishwa na mtu. Wahusika wa maktaba nao watafute vitabu vya hivyo vyama viwili nilivyovitaja, waviweke mahali ambapo mtu atavichukua bila kumwuliza karani kwa sauti. Redio nayo itupe japo robo saa kwa wiki, na iwe jioni, saa zile zile za kilabu.

Naomba nijibiwe kupitia safu hii hii. Gazeti nitakalojibiwa nitalipeleka karakana Jumamosi, tulisome kwa sauti.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi Seremala
(Jina na anwani yangu unavyo, Mhariri, naomba visichapishwe kwa ajili ya wenzangu watatu.)