Ukarabati wa Ngome za Koo: Mawe Yamesimama, Maneno Je?

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mno katika insha na midahalo, ila aghalabu asili inayokusudiwa ni ngoma, mavazi na vyakula. Majengo ya kale ya koo husahauliwa, na yakikumbukwa, macho huelekezwa pwani: Gede, Husuni Kubwa ya Kilwa, na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593. Mwanafunzi aliyesomea Nyanchwa, kwenye kilima kinachoutazama mji wa Kisii, anaweza kuhitimu akiijua ngome ya Mreno barabara, ilhali hajasikia habari za ngome iliyo katika kaunti jirani ya Migori. Makala haya yanashikilia kwamba ukarabati wa ngome za koo hautakamilika hadi msamiati na simulizi zake zikusanywe, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya wanafunzi wa Kiswahili.

Ngome yenyewe ni Thimlich Ohinga, iliyoko Nyatike. Kuta zake, ambazo baadhi zinazidi kimo cha mita nne, zilijengwa kwa mawe makavu, bila chokaa wala udongo wa kuyashikanisha. Mafundi waliyapanga mawe makubwa kwa madogo hata yakabanana yenyewe kwa yenyewe. Lango lilifanywa jembamba na fupi, ili adui aingie akiwa ameinama na asiweze kuinua silaha. Ndani mlikuwa na nyumba, mazizi na mahali pa kufulia chuma. Inakadiriwa kuwa ujenzi ulianza yapata karne ya 16. Boma moja huitwa Kochieng, na mengine Kakuku, Koketch na Koluoch. Kiambishi cha mwanzo katika majina hayo hudokeza kwao mtu fulani: haya yalikuwa makao ya jamaa, wala si kambi za askari wa dola.

Wataalamu wanakubaliana kwamba jamii za asili mbalimbali za kilugha zilipokezana makao hayo: Wabantu pamoja na Waniloti. Waliokuja baadaye walizitengeneza kuta walizozikuta, wakaishi humo, hadi mahame hayo yalipoachwa katikati ya karne ya 20. Kwa hivyo, anayedai kuwa Thimlich ni ya kabila moja tu anapingana na historia ya mawe yenyewe. Jambo hili lina uzito katika eneo ambalo mipaka ya kaunti na ya makabila huzua ubishi kila msimu wa uchaguzi.

Abagusii nao walikuwa na ngome zao. Waliuita ukuta wa kujihami *orwaki*. Aidha, vijana wao waliishi katika *ebisarate*, yaani kambi za ng'ombe, wakilinda mifugo dhidi ya wavamizi huku wakifunzwa vita, nyimbo na maadili ya ukoo. Serikali ya kikoloni ilizivunja kambi hizo mwanzoni mwa miaka ya 1910, muda mfupi baada ya kuyakandamiza maasi ya mwaka 1908, ambapo Otenyo alimchoma mkuki afisa Northcote. Kwa kuwa sehemu kubwa ya majengo hayo ilikuwa ya miti na udongo, mvua na jembe vimeyafuta. Kilichosalia cha egesarate kimo katika vinywa vya wazee na katika nyimbo.

Thimlich ilibahatika kwa kuwa ni ya mawe. Ilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa mapema katika miaka ya 1980. Hata hivyo, mizizi ya miti iliendelea kuzisukuma kuta, mifugo ikazipanda, na mawe yakaporomoka. Mwaka 2000 iliingizwa katika orodha ya World Monuments Fund ya maeneo yaliyo hatarini, na katika miaka iliyofuata kuta zikatengenezwa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua kuwa Turathi ya Dunia. Hayo ni mafanikio ya kupongezwa.

Hata hivyo, tajriba ya Ireland inatoa funzo. Huko, kasri la Bunratty lilijengwa na ukoo wa MacNamara katika karne ya 15, kisha likamilikiwa na ukoo wa O'Brien. Lilikuwa limechakaa hadi liliponunuliwa mwaka 1954 na kukarabatiwa. Leo watalii hulizuru na kuandaliwa karamu za kuigiza enzi za kale. Lakini Kiairishi, lugha ya koo hizo, ni lugha ya mazungumzo ya kila siku kwa sehemu ndogo tu ya wananchi wa nchi hiyo. Kasri limerudi, lakini lugha iliyotumiwa kutolea amri, kubembelezea watoto na kuombolezea wafu ndani yake haikurudi nalo.

Hatari hiyo iko karibu hapa pia. Tangu makala ya Lofgren ya mwaka 1967 kuhusu majengo ya mawe ya Nyanza Kusini, utafiti mwingi umeandikwa kwa Kiingereza. Anayetaka kuandika kwa Kiswahili hukwama kwenye neno la kwanza. Akisema "ngome", msomaji huona mizinga ya Mreno. Akisema "boma", huona zizi au ofisi ya mkuu wa wilaya. Akisema "magofu", anawafuta waliozikarabati kuta hizo kizazi baada ya kizazi. Kwa nini basi *ohinga* na *orwaki* yasiingizwe katika Kiswahili? Neno "ikulu" lilitoka bara, likiwa na maana ya makao ya mtemi, na leo hakuna anayelionea ugeni. Isitoshe, lugha hizi tayari zinakutana: katika Dholuo, *dhoot* ni ukoo na pia ni mlango wa nyumba, katika Kiswahili, "mlango" pia hutumika kwa maana ya tawi la ukoo.

Huenda pakawa na wanaodai kuwa hii ni kazi ya wanahistoria na wanaakiolojia. Dai hilo lina ukweli nusu. Mwanaakiolojia hupima ukuta na kukadiria umri wake. Jina la lango, kitendawili kilichotegwa zizini na wimbo wa zamu ya usiku ni mali ya fasihi simulizi na leksikografia, taaluma ambazo wanafunzi wa Kiswahili hutahiniwa kila mwaka.

Hivyo basi, idara za Kiswahili katika vyuo vya eneo hili hazina budi kuchukua hatua. Kazi za nyanjani za fasihi simulizi zielekezwe Nyatike na vijiji vya Kisii na Nyamira, ambako wangali wapo wazee waliosimuliwa habari za egesarate na baba zao. Maneno ya Dholuo na Ekegusii yanayohusu kuta, malango na ulinzi yaorodheshwe na kufasiriwa kwa Kiswahili. Vyama vya wanafunzi navyo vitenge ziara moja kwa mwaka kwenda Thimlich badala ya kwenda pwani kila mara. Ukuta ulioporomoka unaweza kupangwa upya kwa sababu mawe yake yangali chini pale pale, bali mzee akifa na maneno yake, hapana wa kuyaokota.