Kabla Hujanunua Baiskeli

Msimu wa kuuza mazao ukifika, fedha huingia nyumbani mara moja, na upesi hutoka. Wengine wenu mmekwisha amua kununua baiskeli, nanyi mwauliza ipi itafaa, maana njia zenu ni za namna mbili: lami kidogo, kisha changarawe, mchanga na tope mpaka nyumbani. Na tuzungumze habari hiyo taratibu, kwa kuwa kosa la baba dukani hulipwa na nyumba nzima, hasa mama anayebebwa nyuma kwenda zahanati.

Huko Ulaya na Marekani siku hizi wanaunda baiskeli za changarawe, kwa njia za namna hiyo hiyo. Usukani wake umepinda kuelekea chini kama wa mashindano, lakini tairi ni nene, milimita 35 hadi 50, tena zina gia nyepesi za kupandia mlima, na breki za sahani zilizofungwa katikati ya gurudumu. Hata Kenya, tangu mwaka 2021, watu wamekuwa wakishindana kwa baiskeli hizo katika nchi ya Wamasai. Ni vyombo vizuri, ila bei yake ni ya ng'ombe, na nyingi hazina kiti cha nyuma cha kufungia gunia. Lakini usihuzunike. Tazama tairi la ile baiskeli nyeusi ya babu, limeandikwa 28 x 1½. Inchi moja na nusu ni milimita 38. Kumbe mafundi wa Ulaya wamezunguka mbali, wakarudia unene ule ule ambao babu aliupanda kwenda Misa!

Unene huo ndio jambo la kwanza. Tairi jembamba lenye upepo mwingi hukimbia vema juu ya lami, lakini mchangani huzama, nawe ukaanguka. Kwa hiyo chagua nene, na pampu usiiache nyumbani. Ufikapo mchangani punguza upepo kidogo, kisha ujaze tena kwenye lami. Ukiwa na mzigo usipunguze mno, maana rimu itaubana mpira juu ya jiwe na kuutoboa. Tena pitisha kidole kati ya tairi na foki. Kisipopita, tope la masika litaganda hapo na gurudumu halitazunguka.

Soma na namba ubavuni mwa tairi. Ile 28 ya baiskeli nyeusi na 28 ya baiskeli nyingi za mtumba si moja: rimu ya kwanza ni ya milimita 635, ya pili 622. Mwenye duka atakuambia zote ni ishirini na nane. Ukifika nyumbani, tairi moja halitaingia na jingine litapwaya. Basi uliza kwanza duka la karibu na kwenu wanauza tairi za namba gani.

Sasa breki, na hapa sitaki mzaha. Breki za zamani hubana rimu ya chuma, na rimu hiyo ikilowa, nguvu ya breki hupungua sana. Nawe wateremka mlima, mkeo nyuma, mtoto mgongoni mwake! Rimu ya alumini ni afadhali. Breki za sahani ni bora zaidi, kwa kuwa tope la rimu haliziharibii kazi; lakini chukua zinazovutwa kwa waya, maana zile za mafuta zataka vifaa ambavyo fundi wa chini ya mwembe hana. Kama unazo za zamani tu, siku ya mvua shuka, uikokote baiskeli mpaka bondeni. Si aibu.

Gia nyingi huwapendeza vijana. Kwako zatosha chache, mradi iwepo moja nyepesi ya mlimani. Fremu iwe ya chuma: ikivunjika, mchomeleaji wa sokoni ataiunga, lakini alumini wengi wao hawaiwezi. Simama juu yake miguu ikiwa chini. Bomba la juu lisikuguse. Na mama naye ataipanda? (Kwa nini asiipande? Baba, usinikunjie uso.) Basi nunua ile ya bomba lililoshuka, nanyi nyote wawili mtaitumia.

Ukinunua iliyokwisha tumika, inua gurudumu ulizungushe, utazame kama layumba. Shika pedali uzisukume kando. Zikicheza, gololi zimekwisha. Angalia nyufa chini ya usukani. Kisha pindua baiskeli usome namba iliyopigwa kwenye fremu, iandikwe katika stakabadhi. Muuzaji asiyetaka kuandika, muache na bei yake ndogo, usije ukaibeba amri ya saba ya mwenzako.

Mwisho, omba kuijaribu kabla ya kutoa fedha. Funga mzigo wa kweli nyuma, toka kwenye lami, ingia penye mawe, ushuke kilima na kubana breki zote mbili. Mwenye duka akikataa, nenda duka la pili.