Hadithi za Upelelezi Nyumbani

Mzazi mmoja wa Kanyenye, Tabora, aliniuliza kama amnyang'anye mwanawe hadithi za upelelezi. Nilimjibu: usimnyang'anye, mchagulie.

Aanze na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), Bwana Msa hategemei ngumi. Huvuta kiko chake, husikiliza na kufikiri. Kisha apewe *Simu ya Kifo* (1965) ya Faraji Katalambulla. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na *Kufa na Kupona* mwaka 1974, ni mtu wa bastola na starehe. Huyo amsubiri mtoto akue.

Lakini mzazi naye asome, kisha jioni waulizane: ulimshuku nani, na kwa ushahidi gani? Mtoto anayeulizwa hivyo hafichi kitabu chini ya mto.