Kipimo cha Mimba Si Shahidi wa Kesi

Ziwa Mweru limelala mpakani mwa Zambia na Kongo. Ufukoni mwake upande wa mashariki, katika Jimbo la Luapula, iko Wilaya ya Nchelenge. Tangu mwaka 2017 maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano wamevuka mpaka huo, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa wilayani humo ili kuwapokea. Mpaka wa namna hiyo hulindwa na askari ambao wengi wao wameacha jamaa zao mbali. Ndipo kipimo cha mimba, ambacho ni jambo la nyumbani, kinapogeuka kuwa jambo la kambini pia.

Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazosumbuliwa mno na malaria. Ugonjwa huo humpunguzia mama mjamzito damu, na mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo. Vidonge vya kumkinga mama huanza kutolewa kliniki mimba inapoingia mwezi wa nne. Tena, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mama aonane na wahudumu wa afya mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kupita. Kwa hiyo kuijua mimba mapema ni kinga.

Kipimo chenyewe hutafuta kitu kimoja tu: homoni ambayo mwili huitoa mimba inapojishikiza tumboni. Katika miaka ya 1930 chura wa Afrika Kusini alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai, mimba ilithibitika. Leo kijikaratasi kinachochovywa katika mkojo hufanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Katika kuchagua, bei kubwa isitudanganye, kwani kipimo cha bei nafuu na cha bei ghali hutafuta homoni ile ile. Lililo muhimu ni pakiti isiyofunguliwa, ambayo muda wake haujapita, na ambayo haikuanikwa juani. Mama apime baada ya siku za hedhi kupita bila kuiona, na afadhali atumie mkojo wa asubuhi. Mstari wa uhakiki usipotokea, kipimo hicho kimeharibika. Mistari miwili ni mimba, hata kama wa pili umefifia. Mstari mmoja wa uhakiki si jibu la mwisho: hedhi ikizidi kuchelewa, apime tena baada ya juma moja. Maumivu makali ya tumbo au damu baada ya kipimo kuonyesha mimba ni sababu ya kukimbilia hospitali saa ile ile, maana mimba huweza kutunga nje ya mji wa mimba, na kipimo hakiwezi kulitambua hilo.

Sasa tuseme waziwazi lile linalovunja nyumba za askari. Askari anarudi likizo, na baada ya majuma manne mkewe anaambiwa kliniki kwamba mimba ni ya majuma sita. Askari anahesabu kwa vidole, anakunja uso, na ugomvi unaanza. Hesabu yake si sahihi. Waganga huanza kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kwa kawaida majuma mawili hivi kabla mimba haijatungwa. Majuma sita ya kliniki ni majuma manne ya likizo. Na kile kijikaratasi hakitaji tarehe wala jina la baba.

Tunawakumbusha ndugu zetu wa majeshi na polisi kwamba wao wamefundishwa kutomtia mtu hatiani kwa dhana. Sheria hiyo haikomi langoni mwa kambi. Askari wa kike naye ana haki ya kupima kwa siri yake, na kumweleza mganga hali yake kabla ya kumeza dawa yoyote, hata ya malaria.

Mume aliye lindoni akipata habari ya mistari miwili, swali lake la kwanza liwe: umekwenda kliniki lini, na chandarua unacho?